Tairi la akiba lilikuwa linajua: kisa cha kuchagua ukubwa wa matairi kwa ringi zilezile

Gari na mwenye gari

Gari lenyewe ni saluni ndogo ya milango minne, linavutwa na magurudumu ya mbele, na sespensheni yake ya nyuma inajitegemea kila upande. Lilikuwa limepita miaka kumi na liko kwa mmiliki wa pili. Ringi zake ni za alumini, inchi 16, upana 6.5J (yaani inchi 6.5), za kiwandani. Hazikuwa zimepinda wala kupasuka, na hakuna aliyetaka kuzibadilisha. Swali lilikuwa moja tu: zivalishwe tairi gani?

Mwenye gari nitamwita mteja, basi. Siku za kazi huendesha peke yake. Mwisho wa wiki gari hubeba watu watano na buti hujaa hadi kifuniko kinagoma kufunga. Alikuja na malalamiko mawili: matairi yamekuwa kipara, na tumbo la gari linakwaruza kila tuta. Kisha akasema sentensi iliyotupeleka pabaya sote: "Fundi, maadamu nabadilisha yote manne, niwekee marefu kidogo gari linyanyuke."

Matairi aliyokuja nayo yalikuwa 195/55R16 87H, yote manne. Stika ya ukubwa wa matairi na upepo, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye fremu ya mlango wa dereva, haikuwepo. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya na stika ikaondoka na rangi ya zamani.

Siku ya kwanza

Kosa langu la kwanza lilifanyika hapo hapo, kabla hata sijashika spana. Niliandika kwenye karatasi ya kazi: "ukubwa wa gari: 195/55R16." Ule haukuwa ukubwa wa gari. Ulikuwa ukubwa wa matairi ambayo mtu fulani, siku fulani, aliyafunga kwenye gari lile. Pengine ndiyo yaliyokuwa dukani siku hiyo.

Kwa wasiozoea namba hizi: 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 si milimita, ni asilimia. Urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana. 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 87 ni alama ya uzito ambao tairi hubeba, na H ni alama ya mwendo wake wa juu. Ubavu wa 195/55 ni milimita 107.25. Zidisha mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu na chini, ongeza milimita 406.4 za ringi, unapata kipenyo cha milimita 620.9. Tairi halisi hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, lakini kwa kulinganisha hesabu hii inatosha.

Wengi huteleza kwenye ile asilimia. Mtu akitoka 195/55 kwenda 205/55 hudhani ameongeza upana tu, ilhali 55 ya namba kubwa zaidi ni ubavu mrefu zaidi. Kipenyo kinakua kwa milimita 11 bila yeye kukusudia.

Niliyatazama matairi yaliyovuliwa. Ya mbele yalikuwa yameisha sawasawa. Ya nyuma yote mawili yalikuwa yameliwa ukingo wa ndani mpaka nyuzi zinakaribia kuonekana, na ukingo wa nje bado una kashata za kutosha. Nikasema "alaimenti," yaani pembe za magurudumu zimekaa vibaya. Tukaliweka gari kwenye mashine. Kemba ya nyuma, yaani mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje, ilisoma hasi nyuzi 2.6 kila upande, ikiwa na rangi nyekundu kwenye skrini. Gari hili halina marekebisho ya kemba nyuma, kwa hiyo nikamwambia mteja hapo hapana la kufanya, nikarekebisha ya mbele, tukaendelea. Kumbuka namba hiyo ya 2.6. Tutairudia.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Mteja alitaka kimo. Katika saizi zilizoweza kuvaa ringi ya 6.5J tuliweka tatu mezani:

- 205/55R16, kipenyo milimita 631.9
- 205/60R16, kipenyo milimita 652.4
- 215/60R16, kipenyo milimita 664.4

Zote tatu zinaikubali ringi ya upana huo. Hilo nililihakiki, na ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri siku hiyo. Kisha nikamweleza mteja kwamba gari hunyanyuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa kuwa nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli. 215/60 ingemnyanyua milimita 21.75. Alipiga hesabu ya vidole, sentimita mbili na kidogo, akafurahi.

Niliangalia nafasi ndani ya madigadi. Gari lilikuwa tupu, magurudumu yameelekea mbele, nami nimechuchumaa na tochi. Nikaona nafasi tele. Tukafunga 215/60R16 zote nne.

Kwa nini nilikubali? Nikijitetea, nilikuwa na hoja mbili. Kwanza, mteja alikuwa na shida ya kweli na tairi refu lilionekana kuijibu. Pili, nililinganisha 664.4 na 620.9 nikaona tofauti ya asilimia 7, nikajua ni kubwa, kwa sababu mafundi wengi hawapendi kuvuka asilimia 3. Lakini nikajipa moyo kwamba "saizi ya zamani ilikuwa fupi mno kwa gari hili." Hisia hiyo ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba sikwenda kutafuta saizi sahihi ni ipi. Nilikuwa na shaka mkononi nikaigeuza kuwa ruhusa.

Wiki saba zilizofuata

Wiki ya kwanza mteja alipiga simu kusema gari linapendeza. Matuta ya kawaida lilipita bila kugusa.

Mwisho wa wiki ya pili, gari likiwa limejaa watu, alirudi nyuma huku amekata usukani mpaka mwisho akasikia mkwaruzo mbele kulia. Kwenye tuta moja kubwa akasikia mwingine nyuma. Alidhani ni kokoto.

Wiki ya tatu akaanza kulalamikia mafuta. Zamani gari lilikuwa likila lita 8 kwa kilomita 100. Sasa hesabu yake ilitoa karibu 9. Jambo hili huwachanganya wengi. Mita ya kilomita huhesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi likirefuka, gurudumu huzunguka mara chache kwa umbali uleule, na mita huandika kilomita pungufu. Tairi jipya lilikuwa refu kwa asilimia 7 kuliko la zamani, kwa hiyo lita 8 zilezile, kwa safari ileile, zingeonekana kama 8.6 bila tone moja kuongezeka. Kilichobaki juu ya 8.6 ndicho cha kweli: tairi pana na zito zaidi, na gia ambazo sasa ni kama zimerefushwa, injini ikikazana zaidi kwenye kilima.

Mita ya mwendo nayo ilikuwa imepata hitilafu mbaya zaidi. Watengenezaji huipanga isionyeshe mwendo pungufu kuliko halisi. Ndiyo maana gari nyingi huonyesha kilomita kadhaa zaidi ya zile za simu. Hili liligeuka. Simu ikisoma 100, dashibodi ilisoma 99. Dereva alikuwa anakwenda kasi kuliko alivyoambiwa na gari lake.

Wiki ya tano ndiyo iliyofungua macho. Gurudumu la mbele kushoto lilipata pancha njiani. Mteja akatoa tairi la akiba, lililokaa chini ya zulia la buti tangu kiwandani bila kuguswa, akalifunga mahali pake. Baada ya kilomita chache taa ya udhibiti wa mteleko ikawaka na usukani ukavuta upande mmoja. Alinipigia simu. Nilimwuliza namba iliyoandikwa ubavuni. Akasoma: 195/65R15 91H.

Nilikaa kimya kidogo. Ringi ya chuma ya inchi 15, tairi la 195/65: kipenyo milimita 634.5. Lile lililobaki upande wa pili lilikuwa 664.4. Kwa hesabu ya karatasi, gurudumu la akiba lilikuwa linazunguka mara 23 zaidi ya mwenzake katika kila kilomita, na difrensho ya mbele, zile gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, ikifanya kazi mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka. Kompyuta iliona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine ikadhani linateleza.

Nilimwambia asimame, atoe gurudumu moja zima la nyuma alilete mbele kushoto, na la akiba alipeleke nyuma, ambako hakuna nguvu ya injini. Taa haikuzimika, lakini usukani ulitulia, na difrensho ikapumzika mpaka alipofika.

Kuanza upya

Safari hii nilifungua kila kitu kilichoweza kufunguliwa. Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, upande wa ndani, kulikuwa na jedwali dogo la upepo lililosalimika wakati wa kupigwa rangi. Lilitaja saizi mbili: 195/65R15 91 na 205/55R16 91. Hazifanani kwa macho, ila vipenyo vyake ni 634.5 na 631.9, tofauti ya milimita 2.6. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huziweka pamoja kwa gari moja: ringi inakua inchi moja, ubavu unapungua, kimo cha tairi zima kinabaki palepale.

Kumbe ukubwa wa gari ulikuwa umeandikwa mahali pawili, na tairi la akiba lilikuwa limeulalia ukweli huo kwa miaka. Mimi nilisoma mahali pa tatu, palipokuwa na makosa.

Jambo la uzito nalo likajitokeza. Namba 91 ina maana tairi moja hubeba hadi kilo 615 likiwa na upepo wake kamili. 87 ya matairi ya zamani ni kilo 545. Kibao cha gari kiliruhusu kilo 1,060 kwenye ekseli ya nyuma. Matairi mawili ya 87 yanabeba 1,090 kwa pamoja, yaani akiba ya kilo 30 tu, na gari hili ndilo linalojazwa kila mwisho wa wiki. Mmiliki wa kwanza, au fundi wake, alichagua upana uliopungua hatua moja tu, lakini uwezo wa kubeba ukashuka hatua nne.

Kisha nikafanya kipimo ambacho ningekifanya siku ya kwanza kisa hiki kisingekuwepo. Nilichukua utepe nikapima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi juu yake. Kipimo hiki hakijali tairi gani limefungwa, kinapima springi. Mbele kilisoma milimita 372. Nyuma, 338. Kitabu cha matengenezo kilitaka nyuma ikaribie 365.

Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Hapo ile kemba ya hasi 2.6 ikapata maana. Kwenye sespensheni ya namna hii, mwili wa gari ukishuka, sehemu ya juu ya gurudumu huinamia ndani, na tairi hula ukingo wa ndani. Ushahidi wa springi ulikuwa umechorwa kwenye matairi mawili niliyoyavua na kuyatupa pembeni, na mashine ikaurudia kwa rangi nyekundu. Niliambiwa mara mbili. Mara zote mbili nilijibu "alaimenti."

Nilipima pia nafasi kati ya juu ya tairi la mbele na sahani ya chini ya springi, kwenye shokapu. Ilibaki milimita 4. Kwa tairi linalotanuka kwa joto na mwendo, na ringi inayopinda kidogo kwenye kona, milimita 4 ni kama hakuna kitu. Nikapaka chaki kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, nikapakia gari, nikakata usukani mpaka mwisho pande zote na kuzunguka uwanjani. Chaki ikafutika sehemu tatu.

Uamuzi wa pili

Tulibadilisha springi za nyuma kwanza, kabla ya tairi lolote. Mpangilio huu ulikuwa muhimu: nilitaka kuona gari limekaa wapi ndipo tuamue kama bado linahitaji kimo cha tairi. Kipimo cha nyuma kilipanda kutoka 338 hadi 366. Milimita 28, zaidi ya zile 21.75 tulizozinunua kwa matairi. Kemba ikarudi hasi 1.5, ndani ya rangi ya kijani, bila mtu kugusa marekebisho yoyote.

Kwa matairi tulijadili tena. 225/50R16 ina kipenyo cha 631.4, karibu kabisa na cha kiwanda, na inaivaa ringi ya 6.5J. Tuliiacha kwa kuwa unene wake unaongezeka ndani kuelekea shokapu na mteja hakuwa na sababu yoyote ya kutaka tairi pana. 205/60R16 ingezidi kiwanda kwa asilimia 3.2. 215/55R16, kipenyo 642.9, ilizidi kwa asilimia 1.7 tu, na nakiri hii ilinivuta. Huenda isingegusa popote. Lakini haikuwa kwenye jedwali la kifuniko cha tangi, na baada ya yale niliyoyafanya sikuwa na mamlaka ya kumshawishi mtu yule juu ya "huenda."

Tukafunga 205/55R16 94V za aina iliyoimarishwa. 94 ni kilo 670 kwa tairi. Nilimfafanulia mteja vitu viwili kuhusu hizo kilo za ziada, kwa sababu vikisahaulika tairi lililoimarishwa huwa kisingizio cha kupakia zaidi. Uwezo huo hupatikana kwa upepo mwingi zaidi tu. Kwa upepo uleule, halibebi zaidi ya lile la kawaida. Na kikomo cha ekseli kwenye kibao cha gari kinabaki 1,060 hata ukifunga tairi la trekta. Nilichotaka ni ubavu mgumu zaidi na nafasi ya kupumua siku za mzigo.

Zile 215/60R16 zilitumika wiki saba. Ziliuzwa kwa hasara kwa gari jingine linalozikubali, na hasara tuligawana nusu kwa nusu. Naona ilikuwa haki. Pengine hata sehemu yangu ilikuwa ndogo.

Matokeo

Dashibodi sasa inasoma 104 simu ikisoma 100, kama inavyopasa. Hesabu ya mafuta ilirudi 8 na kidogo. Kipimo cha chaki kilirudiwa gari likiwa na watu watano na mzigo, chaki haikufutika popote. Matuta, mteja anasema, anayasahau.

Baada ya kilomita 15,000 nilipima kina cha mifereji ya matairi ya nyuma. Yalianza na milimita 8. Ukingo wa ndani ulisoma 6.4, wa nje 6.6.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa hesabu. Kila namba niliyoipata siku ya kwanza ilikuwa sahihi, isipokuwa ile ya kuanzia. Nilipima umbali kutoka nyumba isiyo yetu. Ukilinganisha tairi jipya na lililoisha, unarithi uamuzi wa mtu usiyemjua, na usahihi wa hesabu yako hauwezi kuuponya. Ukitaka kujua ni asilimia ngapi umetoka nje, toka kwenye saizi ya kiwanda. Stika ikipotea mlangoni, kuna kifuniko cha tangi, kitabu cha gari, na tairi la akiba ikiwa ni la asili.

La pili linahusu ombi la mteja. Aliomba tairi refu. Shida yake ilikuwa tumbo linalokwaruza. Mimi nilijibu ombi. Tairi refu hata lilifanikiwa kwa wiki mbili, na hapo ndipo palipo hatari yake, kwa kuwa liliificha springi. Laiti lisingekwaruza kwenye madigadi, yale matairi mapya nayo yangeliwa ukingo wa ndani, na mteja angerudi kulaumu chapa ya tairi.

Upimaji wa nafasi gari likiwa tupu na magurudumu yamenyooka hauna faida. Tairi hugusa likiwa limebeba, limekatwa, na limeruka. Basi lipimwe hivyo.

Kilichofaa? Kuhakiki upana wa ringi kabla ya yote kulituepusha na kosa la aina nyingine. Kuhamishia tairi la akiba nyuma kulifaa kwa dharura. Kubadilisha springi kwanza na kupima tena kabla ya kununua tairi kulifaa zaidi ya yote, ingawa mteja alilazimika kusubiri siku mbili akiwa hana gari na hakupendezwa.

Kuna jambo moja halijafungwa. Tairi la akiba, ambalo sasa linatofautiana na wenzake kwa milimita 2.6 tu na linaweza kukaa gurudumu lolote, lina namba 1411 ubavuni, yaani lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2011. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi lisivuke miaka 10, hata likiwa halijawahi kugusa barabara. Mteja nimemwambia mara tatu. Anasema tairi lile lina akili kuliko mimi, hawezi kulitupa.